Watoto wa mbwa waliofiwa na mama: joto kwanza, maziwa baadaye

Msomaji mmoja wa Wilaya ya Micheweni, Pemba, anaeleza kwamba mbwa jike aliyekuwa akilinda shamba lao la mihogo na migomba dhidi ya tumbili amegongwa na gari na kufa, akaacha watoto watatu ambao macho yao hayajafumbua na vipande vya kitovu vilivyokauka havijadondoka. Familia imekuwa ikiwapa maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa kwa maji, kwa kijiko, huku mtoto amelazwa chali mkononi. Usiku wa pili mmoja alikufa, maziwa yakimtoka puani. Wamebaki wawili, mmoja ana gramu 310 na mwengine gramu 270 kwa mizani ya dukani. Anauliza kosa lilikuwa wapi, awape nini na kwa kiasi gani, na vipi watawahudumia wanyama hawa katika nyumba ya watu wanaoswali.

Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu. Nakupa pole, na nakushukuru kwa kutaja uzito, hali ya macho na hali ya kitovu, kwa sababu mambo hayo matatu yananiwezesha kukujibu kwa uhakika. Kitovu cha mtoto wa mbwa hukauka na kudondoka ndani ya siku chache za mwanzo, na macho hufumbua baina ya siku ya 10 na ya 14. Kwa hiyo watoto hao bado wamo katika wiki yao ya kwanza, na yamkini hawajapindukia siku nne au tano. Umri huo ndio mgumu kuliko wote, lakini watoto wa mbwa wenye uzito kama huo wanaweza kukua vizuri bila ya mama, mradi mambo mawili yabadilike leo, kabla ya mlo unaofuata.

Sidhani kwamba mwenzao alikufa kwa njaa. Maziwa yanayotokea puani ni dalili kwamba yamekosa njia ya chakula na kuingia njia ya hewa, na yakifika mapafuni huleta kichomi ambacho kwa mnyama mdogo hivyo huua upesi. Mtoto wa mbwa hanyonyi chali. Mama hulala ubavu, na watoto humnyonya wakiwa kifudifudi, tumbo chini, shingo imenyooka na kichwa kimeinuka kidogo tu. Ukimlaza chali na kummiminia kwa kijiko, hana namna ya kuyazuia maziwa yanayokuja kwa wingi kuliko anavyoweza kumeza. Hilo ni la kwanza. La pili halionekani kwa macho, na naamini linaua watoto wa mbwa wengi zaidi kuliko hilo la kwanza, nalo ni baridi.

Katika wiki ya kwanza mtoto wa mbwa hawezi kujipasha joto mwenyewe. Hatetemeki, kwa kuwa mwili wake bado haujapata uwezo huo, na mafuta aliyonayo chini ya ngozi ni haba mno. Joto lake la kawaida katika wiki hiyo ni baina ya nyuzi 35 na 37 za Selsiasi, chini ya la mbwa mzima ambaye huwa na nyuzi 38 na kitu. Likishuka chini ya 34, matumbo huacha kufanya kazi. Maziwa unayompa wakati huo hayasagiki, hukaa yakachacha, tumbo likajaa gesi, na sehemu yake hurudi kooni na kuingia mapafuni hata kama ulimlisha kwa mkao ulio sawa. Ndiyo sababu mtu huona mtoto wa mbwa amelegea, akadhani ni njaa, akazidisha maziwa, na mtoto akafa na tumbo lililojaa. Mtoto aliyepoa asipewe maziwa kabisa mpaka mwili wake urudi kwenye joto.

Najua mtu wa Pemba ataona ajabu kuambiwa ajihadhari na baridi. Lakini mtoto wa umri huu anahitaji hewa inayomzunguka iwe na nyuzi 29 hadi 32, na usiku wa kipupwe, Juni hadi Agosti, hewa yetu hushuka mbali chini ya kiwango hicho. Usiku wa mvua za masika nao hauna nafuu kwa mnyama aliyelazwa juu ya sakafu ya saruji, kwani saruji hunyonya joto la tumbo lake saa zote. Wakati wa kaskazi hatari hugeuka upande wa pili, kwa maana mtoto aliyewekwa mchana chini ya bati hupata joto la kupindukia na hawezi kutoka mwenyewe kutafuta kivuli.

Chukua katoni au kikapu chenye kuta ndefu za kuzuia upepo, ukiinue juu ya sakafu, na utandike vipande vya kanga kuukuu vilivyo safi na vikavu. Jaza chupa ya plastiki maji ya moto yasiyochemka, uizungushie taulo, na uiweke upande mmoja tu wa katoni, ili mtoto akizidiwa na joto aweze kujiburura kwenda upande wa pili. Maji yakipoa, yabadilishe, kwa sababu chupa iliyopoa humnyang'anya joto badala ya kumpa. Taa hizi za kisasa za kuokoa umeme hazitoi joto la kutegemewa, basi usizihesabu. Na nakusihi sana, usiingize jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, na itawadhuru nyinyi pamoja na mbwa. Ukiweka katoni juu ya meza, tia kila mguu wa meza ndani ya kopo la maji ili siafu wasipande, na mchana usiwaache watoto wazi uani, kwani kunguru huwadonoa macho na kitovu.

Ili kumjua aliyepoa, tumia kipimajoto cha duka la dawa, ukipake mafuta ncha yake na kukiingiza kidogo sana njia ya haja kubwa. Kama huna, mtie ncha ya kidole safi kinywani: kinywa kikiwa baridi, naye amepoa. Mpashe taratibu, kwa muda wa saa moja hadi tatu, akiwa amefungwa kitambaa kikavu na kushikwa karibu na mwili wa mtu, huku ukimgeuza mara kwa mara. Usimtumbukize katika maji ya moto wala usimweke karibu na moto, maana kupashwa kwa ghafla nako huua. Wakati unampasha unaweza kumpaka ufizini tone la maji yaliyokorogwa glukosi au sukari, kwani mtoto aliyekosa maziwa kwa saa kadhaa hupungukiwa na sukari katika damu. Ni tone la kupaka tu, si la kunywesha.

Sasa maziwa. Lililo bora kuliko yote nitakayoyaeleza ni mbwa jike mwengine anayenyonyesha. Waulize wasasi wa vijiji vya jirani, kwani wao hufuga mbwa kwa ajili ya uwindaji na aghalabu hujua ni jike gani amezaa karibuni. Wapanguse watoto wako kwa kitambaa kilichochafuliwa na matandiko ya jike huyo, uwaweke kwake ukiwepo hapo unaangalia, na uondoke tu baada ya kumuona akiwalamba na kuwaacha wanyonye. Usilazimishe akikataa. Faida ya jambo hili ni kubwa kwa sababu maziwa ya mbwa hayafanani na ya ng'ombe. Yana takriban mara mbili ya protini na mara mbili ya mafuta, na sukari yake ya maziwa ni pungufu. Basi maziwa ya ng'ombe yenyewe tu, bila ya kuzimuliwa, tayari ni mepesi mno kwa mtoto wa mbwa. Ukiongeza maji nusu kwa nusu, inambidi anywe kiasi ambacho tumbo lake haliwezi kukibeba ili apate nguvu ya siku moja. Mtoto atashiba maji na atakonda.

Yapo maziwa ya unga yaliyotengenezwa makusudi kwa watoto wa mbwa, na ukiwa na mtu Unguja au Dar es Salaam wa kukutafutia, mwambie leo. Wakati unayasubiri, tengeneza haya. Chukua kikombe kimoja cha maziwa halisi ya ng'ombe, yaani mililita 240, yaliyochemshwa na ambayo hayakuenguliwa utando wala kutiwa maji. Yaache mpaka yawe vuguvugu, utie viini viwili vya mayai mabichi yaliyo mapya na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula, ukoroge vizuri na uchuje kwa kitambaa safi. Ute mweupe wa yai usiutie, kwa sababu ukiwa mbichi huzuia mwili kupata aina mojawapo ya vitamini. Mchanganyiko huu ukae jokofuni si zaidi ya siku moja, na kama huna jokofu, tengeneza kidogo kidogo kwa mlo mmoja na umwage kinachobaki. Ni wa kumvusha tu, haufai kutegemewa kwa wiki nyingi. Maziwa ya mbuzi yanaweza kushika nafasi ya ya ng'ombe kwa vipimo hivyo hivyo. Tui la nazi, maziwa matamu ya kopo, uji na chai ya maziwa visimkaribie mtoto wa umri huu. Nimeona watu wa nia njema kabisa wakivitoa, na matokeo yake ni kuharisha kunakomaliza maji ya mwili.

Kiasi hutokana na uzito. Hesabu mililita 20 za mchanganyiko huo kwa kila gramu 100 za mwili kwa siku nzima. Huyo wa gramu 310 atahitaji mililita 60 hivi, na wa gramu 270 kama mililita 54, zigawanywe katika milo minane, yaani kila baada ya saa 3, usiku na mchana. Kwa hiyo mkubwa atapata mililita 7 hadi 8 kwa mlo, na mdogo 6 hadi 7. Kwa kuwa matumbo yao yamezoea maziwa mepesi, siku ya kwanza wape theluthi mbili ya kiasi hicho, kisha uongeze siku ya pili. Hata akilia vipi, usimpe kwa mara moja zaidi ya mililita 4 kwa kila gramu 100 za mwili wake, kwani tumbo halina nafasi zaidi. Akishatosheka, tumbo huwa la mviringo na laini. Likikaza na kung'aa, umezidisha. Uzito ukiongezeka, hesabu upya.

Kijiko kiweke kando. Tafuta chupa ndogo yenye chuchu ambayo, ukiigeuza, maziwa hudondoka tone kwa tone bila ya kumiminika. Ikikosekana, tumia bomba la sindano la mililita 5 lililotolewa sindano yake, na udondoshe tone moja moja juu ya ulimi, ukingoja ameze kabla ya kutoa jengine. Maziwa yawe na joto la mwili. Yaonje kwa kuyadondosha kwenye kifundo cha mkono wako, nawe usihisi moto wala baridi. Mlaze kifudifudi juu ya taulo, mikono yake ya mbele ipate pa kusukuma, kichwa kiinuke kidogo. Akikohoa au maziwa yakitoka puani, acha papo hapo, muinamishe kichwa chini na umpanguse, wala usiendelee mpaka apumue sawasawa. Na ukimtia ncha ya kidole kinywani asinyonye kabisa, ilhali amekwisha kupata joto, basi huyo si wa kulishwa nyumbani. Anahitaji kulishwa kwa mpira unaoingizwa hadi tumboni, na kazi hiyo ifanywe na daktari wa mifugo au mtu aliyefunzwa naye.

Kuna jambo ambalo barua yako haikulitaja, na huenda hamlifanyi. Mtoto wa mbwa wa umri huu hawezi kukojoa wala kwenda choo mwenyewe. Mama humlamba sehemu za chini, na kulambwa huko ndiko kunakomfanya atoe haja. Kila baada ya mlo, chukua pamba au kitambaa laini kilicholowekwa maji vuguvugu, umpanguse taratibu chini ya tumbo na njia zote mbili mpaka atoe haja, kisha umkaushe. Endelea hivyo hadi karibu na wiki ya 3. Mkojo wake uwe karibu hauna rangi; ukiwa wa manjano iliyokolea, amepungukiwa na maji.

Kuhusu tohara, yaani usafi wa kuswalia, mimi ni mtu wa mifugo, na hukumu zake utazipata kwa masheikh wenu. Nilichojifunza katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu visiwani, ni kwamba mbwa ni najisi nzito na kilichoguswa na mate au umajimaji wake husafishwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na kwamba kumfuga kwa ajili ya kulinda shamba au mifugo kumeruhusiwa. Katika utendaji hilo halileti uzito mkubwa kama mkilipangia mapema. Wawekeni watoto katika ukumbi wa nje au banda la jikoni, mbali na pa kuswalia. Awepo mtu mmoja au wawili wanaohudumu, wenye nguo maalumu ya kazi hiyo na mipira ya kuvaa mikononi inayopatikana maduka ya dawa. Chupa, kikombe na kitambaa cha mbwa visichanganyike na vyombo vya nyumba. Utaratibu huo huo ndio ambao afya ingeutaka hata pasingekuwa na swala, na sababu yake inafuata.

Karibu watoto wote wa mbwa katika mazingira yetu huzaliwa na minyoo, kwa sababu minyoo mviringo huwapitia tangu wamo tumboni mwa mama, kisha katika maziwa yake. Mayai ya minyoo hiyo humdhuru mtu pia, hasa mtoto anayecheza chini na kutia mkono mdomoni. Wape dawa ya minyoo wakifika wiki 2, kisha wiki 4, 6 na 8, kwa kipimo cha uzito atakachokutajia ofisa mifugo. Viroboto na kupe watoeni kwa mkono na kitana. Ile dawa ya kuogeshea ng'ombe ni sumu kwa mtoto wa umri huu, hata ikizimuliwa. Ufizi wake ukipauka badala ya kuwa mwekundu mwororo, damu inapungua, na viroboto au minyoo ndio wa kwanza kushukiwa.

Wapime kila siku wakati mmoja, kabla ya mlo, na uandike. Mtoto wa mbwa mwenye afya huongezeka kila siku, na akifika siku 8 hadi 10 huwa amekaribia kuwa na uzito maradufu ya aliozaliwa nao. Siku moja ya kutoongezeka ni onyo; siku moja ya kupungua ni ya kwenda kwa daktari. Vivyo hivyo kilio kisichokoma ilhali ana joto na ameshiba, kuharisha kwa majimaji, pumzi za kutweta au kitovu kilichovimba na kunuka. Kwa mnyama wa gramu 300 maradhi hayangojei kesho.

Wiki ya pili milo inaweza kuwa kila baada ya saa 4, na ya tatu kila baada ya saa 5. Baina ya wiki ya 3 na ya 4 meno hutoka, nao huanza kulamba kutoka kwenye kisahani. Hapo waanzishie wali uliopikwa ukarojeka, uliopondwa pamoja na samaki wa kuchemsha aliyetolewa miiba yote, ukilainishwa kwa maziwa yao. Samaki awe mwingi si wa kutia harufu tu, kwani wali mtupu haujengi mwili wa mnyama huyu. Dagaa wakavu waoshwe chumvi kwanza. Usitie vitunguu, pilipili wala mchuzi wa nyumbani. Vitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hupasuka vipande vyenye ncha na kuchoma matumbo. Kisahani cha maji safi kiwepo tangu siku hiyo.

Chanjo ya maradhi ya kuharisha damu na homa ya mbwa huanza baina ya wiki ya 6 na ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kawaida wakifika miezi 3, lakini wachanjaji wakipita kijijini kwenu kabla ya hapo, wapelekeni hivyo hivyo. Pemba inao ushahidi wake yenyewe katika hili. Kichaa kilikuwa kikizunguka kisiwani hadi katikati ya 2014, kikapotea, kikaingizwa tena mwishoni mwa 2016 wakati uchanjaji ulipolegea, na kikakomeshwa Oktoba 2018 baada ya mbwa wa kisiwa kizima kuchanjwa kwa mpango. Kwa sababu hiyo nakuomba ujiulize kama mama yao, katika siku za mwisho kabla ya kugongwa, alikuwa akiuma ovyo, akitokwa na mate mengi au akitangatanga bila ya kuwatambua watu wake. Kama ndivyo, usingoje barua nyengine kutoka kwangu: osheni kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15, kila mahali palipoumwa au kukwaruzwa au kulambwa penye jeraha, mwende hospitali siku hiyo hiyo, na mumpe taarifa ofisa mifugo. Kama alikuwa mzima na ni gari tu lililomuua, hofu hiyo iondoeni.

Msiwatenganishe hao wawili kabla ya wiki ya 8, hata kama jirani amekwisha kuomba mmoja, kwa sababu hupashana joto na hufunzana kutouma kwa nguvu. Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12 waacheni wazoee sauti za watu, mbuzi na kuku wenu, mkiwazuia kwa upole wanapowafukuza, maana mbwa asiyezoea mifugo katika wiki hizo huwa taabu kumfundisha baadaye. Kulala shambani peke yao kungoje mpaka wafike miezi 6, na hata hapo wapelekwe kwanza mchana pamoja na mtu wanayemjua.